Bunduki ya marehemu baba: tatizo ni kitako, si mtutu

*“Mimi ni mwanamke, naishi Malindi, kimo changu ni futi tano na inchi tatu. Marehemu baba aliacha bunduki ya marisau (chembe ndogo nyingi ndani ya risasi moja), geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), mitutu miwili ubavu kwa ubavu, kila mmoja inchi 30. Baba alikuwa mtu mrefu. Leseni imeshahamia kwangu. Mjomba wangu wa Tanga ananialika msimu ujao tukawinde kanga na kwale, kwa hiyo nimekwenda uwanja wa shabaha mara tatu kujifunza kwa sahani za udongo. Kila nikirudi nyumbani nina alama nyeusi juu ya mkono, chini kidogo ya bega, na shavu linauma. Msimamizi anasema karibu kila risasi yangu inapita juu ya sahani. Nimekunja leso nikaiweka begani ili kupunguza teke, lakini naona mambo yamezidi. Nimepima kutoka kifyatulio cha mbele mpaka mwisho wa kitako, ni sentimita 38. Wenzangu wamegawanyika: mmoja anasema mtutu mrefu ndio unaofika mbali, nisiuguse; mwingine anasema niukate ubaki inchi 24 uwe mwepesi. Na kuna fundi wa Lamu, hodari wa kuchonga milango, yuko tayari kunitengenezea kitako kipya cha mvule. Nianze wapi?”*

Dada yangu, nashukuru umepima kabla ya kuuliza. Wengi huniandikia “bunduki inanikataa” na basi, nami nabaki kubahatisha. Wewe umetaja alama ya mkononi, maumivu ya shavu, risasi kupita juu na sentimita 38, na mambo hayo manne yote yanaelekeza mahali pamoja. Wenzako wanabishana juu ya mtutu, na mtutu wako hauna kosa. Kinachokutesa ni kitako, maana kilikatwa kwa mwili wa baba yako.

Nianze na leso, kwa sababu hiyo unaweza kuiacha leo. Kitako chako tayari ni kirefu kupita kiasi kwa mwili wako. Leso iliyokunjwa mara nne au tano inaongeza sentimita moja na nusu, pengine mbili, juu ya urefu ule ule unaokuumiza. Ndiyo maana mambo yamezidi. Ulidhani unaweka mto, kumbe umekirefusha kitako.

Sasa tuone kinachotokea unapoinua bunduki. Kitako cha sentimita 38 ni cha mtu wa futi sita au karibu na hapo. Mtu wa kimo chako akikipandisha, kisigino cha kitako, yaani mwisho wake wa nyuma, kinanasa kwapani au kwenye nguo. Ili kukiepusha, unakisukuma nje, nacho kinatua juu ya mkono badala ya kutua kwenye kile kibonde cha bega kilicho chini ya mfupa wa mtulinga. Hapo ndipo ilipotoka alama nyeusi. Kwa kuwa mkono wa mbele nao haufiki vizuri, mgongo unalala nyuma kidogo ili kubeba uzito wa mitutu. Mtu aliyelala nyuma hupigwa teke na kuyumba, tena kichwa chake huinuka kwenye mbao.

Kichwa kuinuka ndiko kunakozaa yale mengine mawili. Bunduki ya marisau haina kilengeo cha nyuma kama raifo. Ina ushanga mdogo mbele tu, na hata huo hutakiwi kuutazama. Macho yanakuwa kwa ndege. Kilengeo cha nyuma ni jicho lako mwenyewe, na kinachoshikilia jicho mahali pake ni shavu lililolala juu ya kitako. Shavu likiondoka, kilengeo cha nyuma kimehama.

Kimehama kiasi gani? Kutoka jichoni mwako hadi ushanga ulioko mwisho wa mtutu wa inchi 30 ni kama mita moja. Sahani ikiwa mita 30 mbele, kosa lolote la jicho huzidishwa mara thelathini hivi. Jicho likipanda sentimita moja tu, kitovu cha mtawanyiko wa marisau kinapanda sentimita 30. Likipanda sentimita mbili na nusu, jambo ambalo mtu halihisi kabisa, unapiga sentimita 75 juu. Sahani ya udongo ina upana wa sentimita 11. Marisau yote yanaipita juu, inatua chini nzima, na wewe unalaumu macho yako.

Shavu nalo linauma kwa sababu hiyo hiyo. Shavu lililobanwa juu ya mbao husukumwa pamoja na bunduki. Shavu lililoachana na mbao kwa nafasi ya kidole hupigwa, kama kofi, kila mtutu unaporuka.

Lakini mbona unainua kichwa? Urefu ni sababu moja. Ya pili nahisi ni mshuko. Bunduki nyingi za zamani za ubavu kwa ubavu zilichongwa kitako kikishuka sana kutoka usawa wa mitutu, kwa watu waliopiga huku wamesimama wima na shingo imenyooka. Baba yako, kwa shingo ndefu, huenda kilimfaa sawasawa. Wewe ukilaza shavu kabisa juu ya mbao ile unaona kitu gani? Jaribu nyumbani, bunduki tupu, umeifungua na kuangalia chemba zote mbili (mahali risasi inapokaa) mara mbili, na mtutu umeelekea mahali pasipo na mtu hata nyuma ya ukuta. Funga macho, inua bunduki mpaka shavuni, kisha fungua macho bila kusogeza kichwa. Ukiona mgongo wa chuma cha nyuma umeziba ushanga, basi mshuko ni mwingi, na kichwa chako kimekuwa kikiinuka kwa sababu kinataka kuona. Ukiona ukanda wote wa katikati ya mitutu umelala kama barabara inayopanda kilima, kitako kiko juu mno kwako. Unachokitaka ni kuuona ushanga umekaa mwishoni, na ukanda ukionekana kidogo tu.

Kabla hujagusa mbao, pima pia jicho linalotawala. Fumbua macho yote mawili, nyoosha kidole kwenye kitu cha mbali; wewe wa Malindi simama ufukoni uelekeze kwenye msalaba wa ile nguzo ya Vasco da Gama. Fumba jicho la kushoto. Kidole kikibaki juu ya msalaba, jicho la kulia ndilo linalotawala, na kama unapigia bega la kulia huna shida. Kidole kikiruka pembeni, jicho la kushoto ndilo linaloongoza, na hapo hakuna kipimo cha kitako kitakachokuponya peke yake. Utahama bega, au utafumba jicho moja kidogo wakati wa kupiga. Mambo haya mtu anayajua kwa dakika mbili, na wapo waliopiga miaka kumi bila kuyajua.

Kuhusu urefu, utaambiwa kipimo cha kiwiko: weka kitako kwenye mkunjo wa kiwiko, kidole kikigusa kifyatulio, basi ni saizi yako. Hicho ni kipimo cha dukani. Hakijui shingo yako, kifua chako, wala upana wa mabega. Kipimo ninachokiamini ni hiki: bunduki ikiwa begani na shavu limelala, kati ya pua yako na dole gumba la mkono wa kifyatulio paingie vidole viwili, au vitatu vyembamba. Pua ikigusa dole gumba ni kifupi, na siku moja utajitoa damu puani. Ikiingia ngumi ni kirefu. Kwa mtu wa kimo chako hesabu huangukia karibu na sentimita 34 au 35. Vitako vya viwandani hutoka vikiwa na sentimita 36 hivi, kwa hiyo hata bunduki mpya ya dukani ingekuwa ndefu kwako.

Hivyo kitako cha baba kitapunguzwa. Usikubali kikatwe chote siku moja. Mbao iliyokatwa hairudi, na kupunguza kidogo kidogo hakuna aibu. Hesabu pia raba ya kisigino: ukiweka raba ya sentimita mbili, mbao ikatwe zaidi kwa sentimita mbili hizo, la sivyo umerudi kwenye habari ya leso. Mwambie fundi pia aangalie mlalo wa kisigino. Vitako vilivyochongwa kwa wanaume huwa na ncha ya chini iliyochongoka, nayo kwa mwanamke huchoma kifuani. Kuigeuza kidogo kwa nje ni kazi ndogo, na nafuu yake ni kubwa kuliko ya raba yoyote. Kile kipande kitakachokatwa kitunze. Ni mbao ya baba, na siku mwanao mrefu akiitaka bunduki kitaweza kurudishwa.

Mshuko hauhitaji kitako kipya. Upo mto wa ngozi unaofungwa kwa kamba juu ya mbao, chini ya shavu. Anza na huo. Ongeza au punguza unene kwa milimita chache, ujaribu kwenye karatasi kubwa au shuka kuukuu iliyotiwa alama katikati, kutoka hatua kumi na sita kubwa, karibu mita 15. Usilenge kwa makini. Inua, piga, mara sita au nane. Kila sentimita nne ambazo kitovu cha marisau kimepotea ni kama milimita mbili na nusu za kurekebisha kwenye kitako. Wachongaji wa vitako wametumia hesabu hiyo tangu zamani, na ni ile ile ya jicho na ushanga niliyokueleza. Usishangae nikikuambia uinue mahali pa shavu wakati tatizo lako ni kupiga juu. Sasa hivi kichwa chako kinaelea, hakina pa kukaa. Kikipata pa kukaa kitatulia chini ya pale kinapoelea leo.

Tuje kwenye mtutu. Anayesema mtutu mrefu unafika mbali anarudia habari za baruti nyeusi ya zamani, iliyoungua polepole na kuhitaji urefu. Baruti ya leo humaliza kazi yake kubwa mapema sana ndani ya mtutu. Kila inchi unayoipunguza baada ya hapo huchukua kama mita mbili kwa sekunde, kutoka mwendo wa mita 370 hadi 400. Kati ya inchi 30 na 24 tofauti ni kama asilimia tatu. Kwale hataijua. Umbali wa kufaa unaamuliwa na jinsi marisau yanavyotawanyika, na hilo ni kazi ya choki, yaani ule mbano mdogo karibu na mdomo wa mtutu. Ndani, mtutu wa geji 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, choki nyepesi hubana robo milimita, choki kamili karibu milimita moja. Kwa kawaida bunduki kama yako ina mtutu wa kulia uliobanwa kidogo na wa kushoto uliobanwa zaidi. Kifyatulio cha mbele hupiga wa kulia, kwa ndege wa karibu. Cha nyuma hupiga wa kushoto, kwa ndege aliyekwisha kutoroka.

Sasa ona aliyekushauri ukate anakutaka utupe kitu gani. Choki iko kwenye sentimita chache za mwisho. Ukikata inchi sita, choki zote mbili zimebaki sakafuni, na mikononi una mabomba mawili yanayotapanya marisau. Mitutu miwili hiyo imeunganishwa kwa kulehemu kwa madini ya risasi na kuelekezwa ili yote miwili ipige mahali pamoja. Ukiikata, mwelekeo huo unaweza kuharibika na kiungo kikaachia. Na kabla hata ya ufundi, kufupisha mtutu ni suala la sheria ya silaha. Bunduki iliyokatwa haifanani tena na ile iliyoandikwa kwenye leseni yako. Usikate.

Namwonea huruma kidogo huyo rafiki, maana kuna ukweli ndani ya wazo lake. Mitutu ya inchi 30 ni mizito mbele, na kitako kikifupishwa uzito utahamia mbele zaidi. Kwenye vichaka vya miiba, kwale akiruka miguuni pako, mtutu mfupi huelekezwa haraka. Kwa upande mwingine, ule uzito wa mbele ukishaanza kumfuata ndege hausimami ovyo, na kusimamisha bunduki wakati wa kufyatua ndiyo sababu kubwa ya watu kupiga nyuma ya ndege. Ungekuwa unanunua upya ningekuambia inchi 28 kwa bunduki ya mitutu miwili, au 26 kwa ile ya kujipakia yenyewe. Hiyo ya pili mtambo wake ni mrefu zaidi kwa inchi tatu au nne, kwa hiyo ukizisimamisha pamoja zinakaribiana. Hununui, unayo. Mizani ikikusumbua baada ya kitako kupunguzwa, fundi anaweza kutoboa tundu ndani ya kitako na kutia kipande cha madini ya risasi. Kitarudisha uzito nyuma na kupunguza teke pia.

Habari ya teke: badilisha risasi zako kabla ya kubadilisha chochote. Risasi nyingi za geji 12 hubeba gramu 32 au 36 za marisau. Kwa sahani na kwale, gramu 24 au 28 zinatosha, na bega litaona tofauti siku hiyo hiyo. Kwale namba 7, kanga namba 5 au 6 (namba ikipungua, risau huwa kubwa). Kanga ana mifupa migumu na hupenda kukimbia kuliko kuruka. Ukimpata ndani ya mita 35, piga, ukishindwa mwache aende. Ukiwahi kuvutiwa na bunduki ya pili ya geji 20, nyepesi na tulivu, ni chaguo zuri kwa mwili wako, ila usichanganye risasi mfukoni. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa geji 12 hupita chemba na kukwama mbele. Mtu hudhani mtutu mtupu, anatia ya 12 nyuma yake, anafyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wa kushoto. Ndiyo sababu za geji 20 hutengenezwa za manjano.

Tena lipo jambo hukuuliza, nami nalihofia kuliko kitako. Bunduki ya umri huo inaweza kuwa na chemba ya milimita 65, na risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Zitaingia bila kukataa, kwa sababu urefu huo hupimwa risasi ikiwa imeshafunguka baada ya kupigwa. Mdomo wake unafungukia mahali mtutu unapoanza kubana, na shinikizo linapanda. Fungua mitutu uitoe, tazama chini yake kwenye mihuri: huenda pameandikwa 65 au 70, au 2½ au 2¾. Usipoona kitu, au ukiona mitutu ina michirizi kama mkeka uliosokotwa, usipige tena hata risasi moja mpaka fundi wa silaha mwenye leseni aipime.

Ama fundi wa Lamu, sina shaka na mikono yake. Ila mlango hausukumwi na teke mara hamsini kwa asubuhi moja. Kitako huvunjikia shingoni, pale mkono unaposhika, na nyuzi za mbao lazima zipite pale moja kwa moja kwa urefu. Nyuzi za mvule zimepishana, na ndani mara nyingine mna vijiwe vinavyoharibu patasi. Vitako vizuri hutengenezwa kwa mti wa jozi kwa sababu ni mwepesi, unavumilia mshtuko, wala haujikunji ovyo kwa unyevu. Pia kichwa cha kitako lazima kikae ndani ya chuma bila mwanya hata wa karatasi. Kikigusa sehemu moja tu, kitapasuka. La mwisho, huwezi kumwachia bunduki mtu asiye na leseni wiki tatu karakanani, hata awe jirani wa miaka. Mwagize sanduku.

Kwa hewa ya chumvi ya Malindi, pangusa mitutu kwa kitambaa chenye mafuta kila ukiishika, usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi (ngozi hunywa unyevu na kuung'ang'ania chumani), na baada ya kuipaka mafuta isimamishe mdomo chini usiku mmoja, mafuta yasishuke kulainisha mbao ya shingo.

Kuhusu kuwinda kwenyewe: upande wetu wa Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza marufuku hiyo. Kanga unaowaona kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke watazame tu. Tanzania uwindaji upo kwa vibali, lakini kibali cha mjomba hakikufuniki wewe, na leseni ya Kenya haivuki mpaka wa Lunga Lunga kwa kuonyeshwa tu. Mjomba aulize kwanza Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, nini kinamhusu mgeni. Wewe uliza huku juu ya kuitoa silaha na kuirudisha. Majibu ya wote wawili yawe kwenye karatasi kabla hujafunga begi.

Alama nyeusi itaondoka kwa wiki moja au mbili. Ukipata ganzi mkononi, maumivu ya bega yanayokuamsha usiku, au mlio masikioni usiokoma, nenda hospitali, na usipige tena bila vizibo vya masikio. Mpaka kitako kirekebishwe, pumzisha bega.

Ukimpata fundi, mwombe akuandikie urefu kutoka kifyatulio cha mbele, mshuko mahali pa shavu, mshuko kisiginoni, na urefu wa chemba. Nitumie namba hizo nne na picha ya mihuri iliyo chini ya mitutu, ukiwa umefunika namba ya bunduki kwa kidole, nikuambie ikatwe kiasi gani mara ya kwanza.